Mchoro wa Leo

Kinyozi hajinyoi, na ofisi ya umeme ya Bujumbura ilikuwa ikikatikiwa umeme kama wauza dagaa na wafua nguo. Mgeni akiambiwa hivyo alicheka. Wenyeji walikuwa wameshachoka kucheka, maana huo ulikuwa mwaka wa 2003, vita vilikuwa vimekula miaka kumi, na mtu akicheka kila upuuzi wa mji ule asingepata nafasi ya kula. Umeme ulipokatika, wafanyakazi walitoka ukumbini, wakapiga miayo juani, ukarudi, wakarudi ndani.

Katika ofisi hiyo Candide ndiye aliyekuwa na chumba cha michoro. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkazi wa Ngagara, mama wa binti mmoja aitwaye Kelly, na kwa sababu hiyo kazini walimwita Mama Kelly. Kazi yake ilikuwa moja: kuhakikisha karatasi kubwa iliyotundikwa ukutani inasema kweli. Karatasi hiyo ilionyesha laini zote za mji, kutoka kituo hadi transfoma, zenye umeme kwa rangi nyekundu na zilizokufa kwa rangi nyeusi. Fundi hapandi nguzo kabla ya kuitazama. Ikisema uongo, fundi anakufa.

Nayo ilikuwa imeshasema uongo. Vita havikuacha laini ikalala mahali ilipoamkia. Leo nguzo imelipuliwa, kesho mtaa mzima umehamishiwa laini nyingine, keshokutwa umerudishwa, na wachoraji na penseli zao na nyembe zao za kukwangulia wino wanakimbizana na mambo ya wiki iliyopita. Ndivyo alivyokufa fundi Gaspard, kwenye laini ambayo mchoro ulisema haina kitu. Mchoro huo Candide aliuchora kwa mkono wake mwenyewe, na alikuwepo Gaspard alipoteremshwa. Alilia mpaka akaaibika, kisha akaacha kulia, akaingia kwenye kompyuta.

Alichotengeneza kilikuwa rahisi, kama vitu vingi vizuri. Timu ikibadilisha kitu huko nje, inapiga simu. Mtu wa zamu anaandika badiliko kwenye faili kwa maneno mepesi: laini hii imeungwa na ile, swichi hii imefunguliwa. Programu ya Candide inalinda faili hilo. Ikiona faili ni jipya kuliko mchoro, inautupa mchoro wa zamani na kuchora mwingine, bila penseli na bila kumngoja mtu. Asubuhi unachapwa, unapigwa mhuri wa tarehe, nakala moja inakwenda ukutani kwenye chumba cha swichi na nyingine inapewa mafundi. Mkurugenzi aliipenda sana. Alikuwa akiwateremsha wageni kutoka Kiriri, mtaa wa wakubwa huko mlimani, kuja kuitazama mashine inayojichorea, kana kwamba yeye ndiye aliyeizaa.

Ila mashine hiyo ilikuwa na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe aliujua Candide peke yake. Upya na uzee iliupima kwa saa yake, na kibetri cha kuilinda saa hiyo kilikuwa kimekufa. Kila umeme ulipokatika na kurudi, kompyuta iliamka ikiamini ni mwaka wa 1998. Ukiandika badiliko wakati huo, faili linapewa tarehe ya 1998. Programu inatazama, inaona faili ni zee kuliko mchoro, inasema moyoni hapa hakuna jipya, inaendelea kulala. Kwa hiyo kila umeme uliporudi Candide aliitazama saa ya mkononi na kuirekebisha ile ya mashine. Aliomba kibetri kipya, ombi likalala kwenye meza fulani. Kuwaeleza wenzake hakutaka. Aliogopa watasema si tulikwambia, wakarudisha penseli. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa na majivuno kidogo.

Mwezi wa saba waasi walishuka kutoka milimani wakaingia mitaa ya kusini. Mabomu yalianguka Musaga, watu wakakimbia na magodoro kichwani, na basi za Ngagara zikawa zinaacha kazi jua likiwa bado kali. Siku moja alasiri umeme ulikatika na kurudi ofisini, lakini Candide alikuwa ameshaondoka na basi la mwisho. Aliyebaki ni Loïc, injinia mgeni kazini, kijana mpole aliyekuwa akilala ofisini kwa kuwa njia ya kwao ilifungwa. Jioni akapigiwa simu na timu ya kusini. Kliniki ya masista, iliyokuwa imejaa majeruhi, laini yake ilikuwa imepigwa na bomu. Wameichomoa hapo wakaiunga na laini ya Ruziba, ile iliyokuwa imekatwa njiani na kufa muda mrefu, nao wamekwisha kuliziba pengo. Sasa laini ya Ruziba ina umeme. Timu ilizitaja laini kwa namba, na Loïc, ambaye hakujua bado namba ipi ni ya mtaa upi, aliandika vizuri, neno kwa neno. Asubuhi alichapa mchoro, akaupiga mhuri wa siku hiyo, akatundika mmoja, akampa Shaabani mwingine. Hakukosea kitu hata kimoja, maskini.

Candide alifika saa nne. Askari walikuwa wamesimamisha basi kila mahali, wakitazama vitambulisho na pua za watu. Alivua mtandio, akakaa, akaiona saa ya mashine: 1998. Akairekebisha, kama kawaida yake. Akafungua faili na kulihifadhi upya ili lipate tarehe ya kweli. Programu ikaamka, ikachora.

Laini ya Ruziba ilikuwa nyekundu, na kliniki imening'inia juu yake.

Alimuuliza Loïc, Shaabani yuko wapi. Loïc akajibu bila wasiwasi kwamba ametoka kitambo, amekwenda kwenye laini ya Ruziba kubadilisha vikombe vya kushikia waya vilivyopasuliwa na risasi, si laini ile imekufa?

Shaabani alikuwa fundi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, mtu wa mzaha, anayepanda nguzo huku akiimba. Simu ya mkononi hakuwa nayo. Redio za magari zilikuwa zimekusanywa na jeshi. Fimbo ya kupimia umeme, ambayo ingemwonya kabla hajagusa, iliungulia ndani ya gari lililochomwa Musaga, na nyingine haikuwepo. Alichokuwa nacho ni mkanda, koleo na karatasi yenye mhuri. Candide alimkimbilia dereva Mohamadi, akamwambia aende barabara ya Ruziba mbio amtoe Shaabani kwenye nguzo, amrudishe hapa. Mohamadi akawasha gari. Lakini kati yake na Ruziba kulikuwa na daraja, na darajani kulikuwa na askari, na Candide alijua kwamba Shaabani anaweza kuwa ameshanyoosha mkono.

Basi akavuka uwanja kwenda chumba cha swichi.

Mwenye zamu alikuwa Callixte, mzee mnyamavu wa kutoka bara, koti la kijivu mvua na jua. Candide alikuwa amefanya kazi jirani naye miaka yote ya vita. Kila asubuhi waliulizana habari za nyumbani, kila asubuhi zilikuwa nzuri, na zaidi ya hapo hakuna aliyemfungulia mwenzake mlango. Siku zile watu walisalimiana kwa mikono miwili na kufunga moyo kwa kufuli. Nani amefiwa na nani, nani analala wapi, nani ni wa upande upi, hukuuliza, maana ukiuliza utaulizwa.

Na kulikuwa na sheria: hospitali au kliniki haikatwi umeme bila neno la mkurugenzi. Mkurugenzi siku hiyo hakuwa ameshuka kutoka Kiriri. Shemeji yake alikuwa kanali, na kliniki ya masista ilikuwa imejaa askari waliopasuliwa matumbo. Candide alipiga hesabu upesi, ile hesabu ya nani ni wa nani ambayo mji mzima ulikuwa umeizoea. Akiitaja kliniki, Callixte atapiga simu juu. Juu watauliza fundi gani huyo, wataambiwa ni Shaabani wa Buyenzi, na watasema ngojeni kwanza. Hiyo ngojeni ndiyo itakayomuua.

"Mzee Callixte, kata laini ya Ruziba."

Callixte aliutazama ukuta. Ukutani kulikuwa na karatasi yenye mhuri, na laini ya Ruziba ilikuwa nyeusi tii. "Ile imekufa, Mama Kelly. Nikate nini?"

"Kata tu. Shaabani iko juu ya nguzo. Ni kwa usalama."

Swichi ya laini hiyo ilikuwa imeachwa ikiwa imefungwa, yaani inapitisha umeme, tangu zamani, kwa kuwa laini yenyewe ilikatika mbele yake, na mshale wa kipimo chake uliharibika enzi za vikwazo vya nchi jirani, usipate kipuri. Hakukuwa na kitu cha kumsuta Candide ila chuma chenyewe. Callixte alivuta. Swichi ikalia kishindo, kishindo kizito ambacho laini iliyokufa hailii.

Mzee aligeuka taratibu. Aliutazama mchoro, akamtazama Candide. "Huu muchoro ni mupya?"

"Ni wa leo," alisema Candide.

Lilimtoka bila kukwama. Angeweza kusema kweli wakati ule. Umeme ulikuwa umeshakatwa, Shaabani ameshapona, na mtu mwingine angesema hapo hapo. Lakini aliogopa kwamba mzee atairudisha swichi, na hofu ikishakushika shingo haikuachi ufikiri mambo mawili kwa pamoja. Akavuta kiti, akakaa, akaweka mikono mapajani. Alisema atangoja Mohamadi arudi. Callixte hakumwuliza kwa nini angojee hapo.

Simu ililia. Alikuwa sista wa kliniki. Sauti yake ilisikika mpaka kitini kwa Candide, sauti ya mtu anayejilazimisha kuwa na adabu. Umeme umekatika, wana watu mezani, jenereta haina mafuta. Callixte alipitisha kidole juu ya mchoro kwa uangalifu wake wote. Akakuta kliniki, iko kwenye laini yake ya zamani, laini nyekundu, swichi yake imefungwa vizuri. Alimwambia sista kwamba hapa kwetu kwenu kunawaka, tatizo liko ndani kwenu.

"Muangalie fyuzi zenu, masoeur. Mutume mutu aangalie fyuzi moja moja."

Candide alikaa. Alijiambia Mohamadi ameshavuka daraja. Alijiambia masista wana tochi, wana akili, wanajua kazi yao. Alijiambia uongo mwingine mwingi na wote aliujua kuwa ni uongo.

Simu ikalia tena. Safari hii sista hakuwa na adabu. Wameangalia fyuzi zote, hazina neno. Callixte jasho lilimtoka kwenye nywele za mvi. Aliuliza kama swichi kubwa ya ukutani wameiangalia, ile iliyoko stoo, nyuma. Akamweleza jinsi ya kuifungua, pole pole, kama mtu anayemwongoza kipofu barabarani, na sista akasikika akimwita mtu na kumtuma mbio stoo. Alipoweka simu chini, Callixte alisema peke yake kwamba hajui nini, lakini kuna kitu. Akautazama tena mchoro kutoka juu hadi chini. Hakumtazama Candide.

Simu ya tatu haikuja.

Mohamadi alirudi na Shaabani kwenye kiti cha mbele. Shaabani aliteremka akinung'unika, suruali imejaa vumbi. Askari wa darajani walikuwa wamemkawiza, na ndio kwanza alikuwa amemaliza kikombe kimoja, akaushika waya wa pili kwa mikono yote miwili, ndipo huyu Mohamadi akaja kumpigia honi kama harusi. Nani aliyemwita, na kwa nini? Candide alimtazama mikono. Alitaka kuishika na kuibusu. Alirudi ndani na kusema, "Washa, Mzee."

Watu wawili walikufa kliniki. Mmoja alikuwa askari mdogo, ambaye mapafu yake yalikuwa yakifanyiwa kazi na mashine. Mwingine alikuwa mwanamke wa Musaga, muuza nyanya, aliyekuwa bado amefunguliwa tumbo.

Siku zile ajali haikuwepo. Kila kitu kilikuwa na mkono wa mtu, na mkono una kabila. Alasiri hiyo hiyo wanaume wa usalama walikuja wakamchukua Callixte. Kikulacho ki nguoni mwako, walimwambia mkurugenzi, aliyekuwa amekwisha kushuka sasa, na haraka sana. Candide aliwaeleza habari ya saa ya mashine, yote, hata akalia mbele yao. Alieleza jinsi mchoro ulivyobaki wa jana huku una mhuri wa leo. Kitu kimoja alikiruka. Alisema ugonjwa huo aliugundua baada ya kukata, si kabla. Wakaichukua karatasi ya ukutani, wakalinganisha na maneno ya mzee, yakafanana. Lawama ikaangukia mashine, ambayo haina kijiji wala baba. Kibetri kilipatikana siku hiyo hiyo, na dereva wa mkurugenzi ndiye aliyekileta, kwenye bahasha.

Callixte walimwachia baadaye, jicho moja limefumba na mdomo umevimba. Walikuwa wamemwuliza kilima alikozaliwa mpaka akakichukia.

Kabla ya hapo Shaabani alikuwa amekwenda Ngagara kwa Candide, na mkewe Asiya. Loïc alikuwa amemweleza laini ile ilikuwa na nini. Waliingia na sahani ya vitumbua imefunikwa kitambaa, Asiya akamshika Candide magoti, akasema Mungu ndiye aliyekutuma, dada yangu, kwangu kungekuwa na matanga. Shaabani safari hii hakuwa na mzaha. Candide aliwaambia wale kwanza, akaenda jikoni, akafungua bomba ili wasimsikie. Alikuwa na furaha kwamba mtu yule yu hai, furaha ya kweli, na iliuma.

Callixte aliporudi kazini, watu walimpa pole wakiwa mbali kidogo, ndivyo mtu aliyetoka huko anavyopewa pole. Saa ya chakula aliingia chumba cha michoro. Katika miaka yote hiyo hakuwa amewahi kuingia. Alisimama, Candide akamwomba akae, akakaa ukingoni mwa kiti na kofia mkononi.

"Mama Kelly, ile siku nilikuuliza kama muchoro ni mupya."

"Ndiyo, Mzee."

"Ulikuwa unajua?"

Angeweza kusema hapana. Kila kitu kilikuwa kimepangwa vizuri kwa ajili ya hapana hiyo. Lakini jicho lile lililovimba lilikuwa linamtazama, na alikuwa amechoka.

"Nilikuwa najua. Niliogopa utapigia mukurugenzi."

Callixte alitikisa kichwa kwa muda, kama mtu anayesikiliza habari ya mbali. Hakuonekana kushangaa.

"Apana," alisema. "Singepigia mutu. Mwaka wa tisini na tano mutoto yangu alikufa, njia zote zimefungwa, majirani wote wameogopa. Ni Shaabani njo alikuja kunizikia. Alichimba yeye mwenyewe. Ungeniambia ile laini iko na umeme, iko na kliniki, na Shaabani iko juu yake, ningekata mbele hujamaliza kusema."

Candide hakuwa na habari ya mtoto huyo. Walikuwa wakiulizana habari za nyumbani kila asubuhi, na kila asubuhi zilikuwa nzuri.

"Lakini masista ningewaambia kweli," aliendelea mzee. "Ningewaambia umeme haurudi sasa hivi, musitafute kitu, kila mutu akae na mugonjwa wake. Yule askari wangemupa pumuzi kwa mukono, iko kampira ya kazi hiyo. Nilikwenda kuwauliza. Waliniambia iko infirmier mumoja, muuguzi wao, alikuwa anafanya hivyo, anakamua vizuri, yule mutoto askari anapumua." Akaigeuza kofia. "Njo yule walimutuma stoo, kuangalia ile swichi ya ukuta. Mi njo niliwaambia wamutume."

Hakusema kwa hasira. Alinyanyuka, akavaa kofia yake, akarudi kwenye chumba cha swichi, maana zamu yake ilikuwa haijaisha.